Umutesi, Namba Ishirini na Saba

Micheline alikuwa na miaka ishirini na sita alipoandika programu iliyofuta majina ya watoto thelathini na wanane. Hakuwa mzembe. Waliosoma naye chuoni, mtaa wa Himbi, wanamkumbuka kama msichana aliyebaki darasani umeme ukikatika, akimalizia zoezi kwa kalamu na karatasi mpaka umeme urudi. Wazazi wake walikuwa Wanande wa Butembo waliohamia Goma kuuza maharagwe na viazi, na walijivunia kuwa na binti anayeweza kuiamuru kompyuta. Yeye mwenyewe alijivunia pia, ingawa hakusema.

Mwaka 2021 alikuwa akifanya kazi kwenye shirika dogo la kanisa lililotafuta wazazi wa watoto waliopotea vitani. Ofisi ilikuwa vyumba vitatu huko Katindo. Mkuu wake, Mama Valérie, alikuwa mzaliwa wa Kiwanja, mtu wa maneno machache. Vita vilipofika Kiwanja mwaka 2008 yeye alikuwa huko, na tangu hapo aliogopa kitu kimoja kuliko bunduki: karatasi yenye majina ya watu.

"Leo unaandika mutu ni nani na anatoka wapi, ili umusaidie," aliwaambia wafanyakazi wapya. "Kesho mwingine anakamata ile karatasi, anasoma, anajua mlango wa kugonga."

Kwa hiyo sheria ya ofisi ilikuwa kwamba fishi yoyote, yaani kadi ya karatasi ya kumwandikisha mtu, ikishaingizwa kwenye kompyuta, inachomwa.

Jumamosi tarehe 22 Mei, giza likianza kuingia, mlima Nyiragongo ulipasuka. Anga juu ya mji ikawa nyekundu. Waliokumbuka mlipuko wa mwaka 2002 hawakungoja kuambiwa. Walibeba watoto na magodoro wakakimbia, wengine mpakani kuelekea Gisenyi, wengine barabara ya Sake. Lava ilishuka upande wa Kibati, ikakata barabara ya Rutshuru, ikameza nyumba za Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kisha ardhi ikaanza kutetemeka, siku baada ya siku, na siku ya tano amri ikatoka kwamba mitaa kumi ihame. Barabara ya Sake ilijaa watu hadi pikipiki zikasukumwa kwa mkono. Katika msongamano ule mikono ya watoto iliachana na mikono ya wazazi.

Shirika lilihamia Sake, kwenye madarasa mawili ya shule ya msingi. Watu wawili wa kujitolea waliandikisha watoto: Laurent, mwalimu wa shule, na Benny, fundi wa redio kutoka Beni. Kila mtoto alipata fishi yake: namba, jina lake, la baba na la mama, kijiji, nguo alizovaa, alama za mwili, na mwisho kabisa jina na mahali pa familia iliyokubali kumpokea. Watoto hawakulala shuleni, kwa kuwa sakafu zilijaa wagonjwa na wazee. Walipelekwa kwa familia hizo siku ileile. Jioni Micheline aliingiza fishi zote kwenye programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Java, na Mama Valérie akazitia kwenye jiko la mkaa.

Walirudi Goma wiki ya pili ya Juni. Watoto zaidi ya mia moja na sitini walikuwa wamekwisha kurudi kwao. Walibaki thelathini na wanane, wengi wao wadogo wasioweza kueleza walikotoka.

"Tutapachika lisiti, orodha ya hawa watoto, kwenye milango ya parokia na kwenye masoko," Mama Valérie alisema. "Lakini bila jina, bila kijiji, bila familia iliyomupokea. Namba, umri, nguo na alama tu. Muzazi wa kweli ndiye atakuja kutaja jina, na sisi tutalinganisha na lile liko ndani."

Lilikuwa wazo zuri. Micheline alikaa kwenye kompyuta asubuhi yote. Katika programu yake kila mtoto alikuwa obje moja, yaani kifurushi kimoja cha habari kinachokaa kwenye kumbukumbu ya mashine: jina, wazazi, kijiji, vyote pamoja. Aliandika metodi, kijisehemu cha programu chenye kazi moja, akaiita ficha. Kazi yake ilikuwa kumpokea mtoto mmoja kutoka kwenye orodha, kuweka nyota mahali pa jina, pa wazazi, pa kijiji na pa familia iliyompokea, kisha kuchapisha kilichobaki. Akilini mwake, metodi ilipewa nakala ya mtoto. Nyota zingeandikwa juu ya nakala, na mtoto mwenyewe angebaki kamili kwenye orodha.

Chuoni alianza na lugha ya C, ambako ukikipa kijisehemu cha programu kifurushi cha habari, kinapata nakala yake nzima. Java aliisoma mwaka wa mwisho, mbiombio, katika muhula uliokatwa katikati na korona. Hakuwahi kufikiri kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti.

Karatasi zilitoka safi. Laurent alizipeleka kupachikwa. Jioni Micheline alifunga programu, nayo, kama kawaida yake, ikahifadhi orodha kwenye diski.

Asubuhi alipoifungua aliona nyota. Mtoto wa kwanza nyota, wa pili nyota, mpaka wa thelathini na nane. Alishuka hadi chini ya orodha, akapanda tena juu.

Hakupiga kelele. Alikuwa na kle, ile flashi ndogo aliyoichomeka kila Jumamosi ili programu ihifadhi humo nakala ya orodha. Nakala ya Jumamosi ilikuwa humo na majina yote. Alimwita Mama Valérie, akamweleza kwa sauti tulivu kwamba kumetokea kosa na kwamba litasahihishwa kabla ya saa sita.

Akaandika metodi ya pili, rudisha. Ilimpokea mtoto mwenye nyota, ikamtafuta mwenye namba ileile kwenye kle, kisha mstari mmoja ukasema kwamba mtoto sasa awe yule wa zamani: mtoto = waZamani. Mstari uliofuata ulionyesha jina lake kwenye skrini, ili Micheline ahakikishe kwa macho yake.

Majina yalipita moja baada ya lingine. Mama Valérie alisimama nyuma ya kiti chake akiyasoma kwa sauti. Namba ishirini na tano. Namba ishirini na sita. "Umutesi, binti ya Habarurema na Mukamugema, Kibati," alisoma kwenye ishirini na saba. Walipofika mwisho aliweka mkono begani kwa Micheline.

"Mungu asifiwe," alisema.

Micheline alifunga programu. Ikahifadhi orodha. Na kwa kuwa kle ilikuwa bado imechomekwa, programu, kama alivyoifundisha mwenyewe, ikanakili orodha hiyo kwenye kle, juu ya ile ya Jumamosi.

Baada ya chakula cha mchana alifungua tena ili aendelee. Nyota.

Aliyemfundisha chuoni aliitwa Kataliko, mzee mwembamba aliyestaafu na kuishi karibu na soko la Virunga. Micheline alimkuta kwake akinyoa ndevu barazani. Alimfungulia kompyuta juu ya magoti. Kataliko alisoma ficha, akasoma rudisha, hakuchukua hata dakika tatu. Povu la sabuni lilikuwa bado shavuni.

"Nani alikuambia metodi inapata mutoto?" aliuliza.

"Si nilimupatia, Muzee?"

"Hapana. Mutoto anabaki palepale kwenye kumbukumbu. Kitu kiko ndani ya orodha yako ni referansi, kitu cha kukuonyesha mahali aliko. Ukiita metodi, Java inafanya kopi ya ile referansi. Ya referansi tu." Alichukua simu yake mfukoni. "Nikikupa namba ya mama yangu, uko na mama wangapi?"

"Hakuna mama, Muzee. Niko na namba."

"Ndiyo. Kopi ya namba. Sasa ukimupigia na kumutukana, nani ametukanwa? Ni mama yangu kabisa, kwa sababu namba zote mbili zinafika kwake. Hiyo ndiyo ficha yako. Uliingia kwa kopi ya referansi, lakini uliandika nyota juu ya mutoto mwenyewe."

Micheline alikuwa ameshaelewa, lakini aliuliza tu. "Na rudisha?"

"Rudisha ni upande mwingine. Wewe ukifuta namba ya mama yangu kwenye simu yako na kuandika namba ya mutu mwingine, simu yangu inabadilika?"

"Hapana."

"Basi. Uliposema mtoto awe wa zamani, ulibadilisha namba ndani ya simu ya metodi peke yake. Ndiyo maana jina lilionekana kwenye skrini, kwa sababu ulikuwa unauliza ndani ya metodi. Metodi ikaisha, simu yake ikatupwa. Orodha yako haikusikia kitu. Ulipaswa kuingia ndani ya yule mutoto na kumurudishia jina lake, kijiji chake, kimoja kimoja." Alifuta povu kwa kiganja. "Ile ya kle bado iko?"

Micheline alitikisa kichwa. Mzee alimwangalia, akafunga kompyuta polepole.

"Na karatasi?"

"Tulichoma, Muzee."

Mama Valérie alipoambiwa alifunga kwanza mlango wa ofisi. Kisha alisema jambo ambalo Micheline hakulitarajia kwa mtu kama yeye.

"Wazazi wakija, tutasema tetemeko liliangusha mashine ikavunjika. Watu wataelewa tetemeko. Hii ingine hawataelewa, na hawatatupatia watoto wao tena."

Micheline alikubali. Baadaye, alipojiuliza kwa nini, hakupata sababu nyingine ila kwamba alifarijika.

Siku mbili baadaye alikuja Mukamugema. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kibati, amevaa kitenge kilichopauka, na miguu yake ilikuwa na vumbi jeusi la lava mpya. Jioni ya mlipuko yeye alikuwa sokoni Goma akiuza kabichi. Mumewe Habarurema alikuwa nyumbani na watoto watatu. Alivunjika mguu akiruka mfereji, na akijua hawezi kuwabeba wote, alimpa jirani aliyekuwa na pikipiki yule mdogo kabisa, Umutesi, wa miaka miwili. Jirani alifika Sake, na waandikishaji walipokuja akawaachia mtoto, akataja majina yote, akaendelea na safari kuelekea Minova. Mpaka leo haijulikani alifikia wapi.

"Walinisomea karatasi yenu kwenye mlango wa kanisa," Mukamugema alisema. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Numero ishirini na saba. Binti wa miaka miwili, robe ya kijani, alama ya moto kwenye mukono wa kushoto. Ni uji ulimumwagikia. Ni mimi nilimupaka dawa. Anaitwa Umutesi. Sasa niambieni, mutoto wangu ako wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo kompyuta haikuweza kulijibu tena. Alama ya moto ilikuwemo, gauni la kijani lilikuwemo. Mahali pa familia iliyompokea palikuwa na nyota sita.

"Mama, tetemeko liliharibu mashine," Micheline alisema. "Lakini tutamutafuta."

Mukamugema aliitazama kompyuta iliyokuwa juu ya meza, taa yake ikiwaka. "Hii?"

"Ingine," Micheline alisema.

Alianza kutafuta kesho yake. Yeye na Laurent walipanda pikipiki mpaka Sake, wakagonga nyumba moja baada ya nyingine. Laurent alikuwa na kumbukumbu ya mwalimu: alimkumbuka mtoto kwa kikohozi, mwenyeji kwa rangi ya mlango. Wengine waliwakuta uani wakicheza. Wengine wenyeji wao walikuwa wamewachukua hadi Kirotshe au Minova, na ikabidi kufuata. Mwisho wa Juni walikuwa wamewapata watoto ishirini na mmoja. Mwisho wa Julai, thelathini. Kila aliyerudishwa, Micheline alimwandika upya kwa mkono wake, na ficha aliiandika upya pia, safari hii ikiumba kwanza obje mpya na kunakili ndani yake umri, nguo na alama tu, bila kumgusa mtoto aliye kwenye orodha. Ilikuwa kazi ya mistari sita.

Mukamugema alikuja kila Jumatatu, kwa miguu kutoka Kibati. Alileta kabichi mbili au mahindi ya kuchoma, akaviweka mezani, akakaa. Hakulalamika. Wakati mwingine alisimulia kwamba Umutesi hapendi kufungwa kitambaa kichwani, au kwamba husema "sitaki" kwa Kiswahili na mengine yote kwa Kinyarwanda. Micheline alianza kuogopa Jumatatu.

Namba ishirini na saba haikuwa ya Laurent. Iliandikwa na Benny, na Benny alikuwa amerudi kwao Beni kumzika kaka yake, na simu yake haikupatikana. Barabara za huko zilikuwa za mauaji wakati ule. Micheline alipiga kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Tarehe 14 Septemba ikaita.

"Ile ya mukono wa kuungua?" Benny alisema, sauti ikikatika. "Namukumbuka sana. Nilimupatia mama mumoja wa Vitshumbi, anauza samaki. Marie-Louise. Alikuwa amekwama Sake. Aliniambia barabara ikifunguka atarudi kwao naye, nikaandika yote kwenye fishi. Kwani hamukuiona?"

Waliondoka Alhamisi, Micheline na Mukamugema wawili tu, kwani Habarurema bado alitembea kwa fimbo. Mukamugema alikuwa amesuka nywele. Mfukoni alibeba robe mpya, ya manjano, aliyoshona kubwa kidogo kwa kuwa mtoto angekuwa amekua. Njiani alizungumza kuliko miezi yote mitatu iliyopita. Walifika Kiwanja mchana, wakakaa kwenye benchi la mama muuza chai kando ya soko, wakingoja gari linalokwenda Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa ndani ya mbuga ya wanyama, kuchukua samaki, kwa sababu kupita mbuga peke yako kwa pikipiki hakuna aliyekubali.

"Kama si ile tetemeko kuvunja mashine yenu," Mukamugema alisema, "mutoto angekuwa nyumbani tangu mwezi wa sita. Lakini wewe haukuchoka. Wengine wangechoka. Mungu akuangalie, mwanangu."

Micheline aliweka kikombe chini.

"Mama, haikuwa tetemeko."

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mimi."

Alimweleza. Alijaribu kwanza kwa maneno ya kazi yake, akaona hayafiki, akayaacha. "Ndani ya mashine mulikuwa na Umutesi mumoja. Mi nilifikiri niko na wawili, mumoja wa kuficha jina kwa ile karatasi ya mlangoni, na mumoja wa kubakia na jina lake. Hawakuwa wawili. Nilipofuta kwa huyu, nilifuta kwa yuleyule."

"Na hamukuweka kopi?"

"Ilikuwako. Niliipoteza nikijaribu kurudisha. Nilifikiri nimerudisha. Niliona jina lake na macho yangu, na jina lako, na Kibati."

"Na kwa nini ukasema tetemeko?"

"Tuliogopa, Mama. Mkuu wangu alisema tuseme hivyo, na mi nikakubali."

Mukamugema aliutazama mkono wa Micheline uliokuwa mezani kana kwamba anautafutia alama. Soko lilikuwa na kelele, waendesha pikipiki wakigombania abiria wa Ishasha, mtu akitangaza bei ya vitunguu.

"Jumatatu kumi na tatu," alisema mwishowe. "Niliketi mbele yako Jumatatu kumi na tatu."

"Ndiyo, Mama."

Gari la samaki lilipiga honi. Mukamugema alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Twende kwanza tumukamate mutoto," alisema. "Hayo tutayasema tukirudi."

Vitshumbi wanakaa na viboko kama wengine wanavyokaa na mbuzi. Kiboko mmoja alikuwa akila majani nyuma ya kanisa walipofika, na hakuna aliyemjali. Mtu aliwaonyesha nyumba ya Marie-Louise. Alikuwa amechuchumaa kwenye moshi, akigeuza samaki juu ya wavu wa waya, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa moshi. Micheline alimsalimia kwa Kinande, akaeleza wametoka Goma kwa ajili ya mtoto wa Sake, mwenye mkono ulioungua.

Marie-Louise aliacha samaki. Alimwangalia Mukamugema usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena.

"Ni wewe mama yake," alisema. "Anafanana na wewe hapa." Akagusa paji lake la uso. Kisha akasema, "Mulikawia."

Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijijini mwanzoni mwa Agosti. Umutesi aliugua asubuhi ya tarehe 11, akapelekwa kwenye kituo cha afya, wakamtundikia maji. Alifariki kabla ya jua kutua. Siku ileile walifariki watoto wengine wawili wa mtaa ule.

Mukamugema hakulia pale. Aliuliza maswali, kama mtu anayenunua kitu na kutaka kujua kila kasoro yake. Alikuwa anakula? Alikuwa analala wapi? Nani alimwosha?

"Alilala na mimi," Marie-Louise alisema. "Alikuwa anakula samaki sana. Jina lake yule bwana wa Sake aliniambia, lakini siku ile nilikuwa na kichwa cha kukimbia, nikasahau. Nikafikiri haina neno, liko kwenye mashine, watu wa mashine watakuja. Nikangoja. Nilimuita Masika, kama mutoto wangu wa kwanza aliyekufa."

"Alikuwa anasema nini?"

Marie-Louise aliondoa samaki mmoja motoni. "Alikuwa anaita mama. Mwanzoni nilifikiri ananiita mimi."

Hapo ndipo Mukamugema alipoanguka. Hakuzimia, alikaa chini kwenye magamba ya samaki na kutoa sauti ambayo Micheline hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Marie-Louise alikaa karibu naye, akamshika. Micheline alisogea, akanyoosha mkono, na Mukamugema, bila kumwangalia, aliusukuma mbali.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba za wavuvi, limezungushiwa miti iliyochongwa ili viboko wasilikanyage. Kulikuwa na msalaba wa mbao ulioandikwa Masika kwa rangi ya mtumbwi, ya buluu. Mukamugema alikaa hapo mpaka asubuhi gari lilipoondoka. Robe ya manjano alimwachia Marie-Louise, akasema ampe mtoto yeyote.

Walirudi Goma kwa gari moja, benchi moja. Kutoka Vitshumbi mpaka Kiwanja, kutoka Kiwanja mpaka Rutshuru, kupita Rugari na Kibumba, Micheline alingoja yale waliyoahidiana kuyasema. Mukamugema alitazama nje. Walipofika Kibati alimgonga dereva begani, akashuka, akavuka lava iliyopoa akielekea nyumbani kwa mumewe.

Micheline aliandika barua ya ukurasa mmoja yenye yote, tetemeko la uongo likiwemo, akaipeleka kwa wasimamizi wa shirika na kwa kila familia ya watoto wale. Mama Valérie alimkasirikia siku tatu, kisha akaja na kalamu, akatia sahihi yake chini ya ile ya Micheline. Hakuna aliyefukuzwa. Hakukuwa na mtu mwingine wa kufanya kazi ile. Kati ya watoto thelathini na wanane, thelathini na sita walirudi kwao. Mmoja, msichana asiyejua jina lake, bado yuko Minova kwa watu wanaompenda. Na Umutesi.

Mwaka uliofuata vita vilirudi. Mwisho wa Oktoba waasi waliingia Kiwanja na Rutshuru, na barabara ya kwenda Vitshumbi ikafungwa. Novemba walifika Kibumba, na watu wote wa Kibati wakashuka na masufuria kichwani mpaka Kanyaruchinya, wakajenga vibanda vya majani na turubai juu ya mawe ya volkano. Shirika liliweka meza mbili pale za kuandikisha familia. Moja ilikuwa ya Laurent, nyingine ya Micheline.

Siku ya nne, mvua ikinyesha, aliinua macho akamwona Mukamugema kwenye mstari wake, watu watatu nyuma. Alikuwa na Habarurema na fimbo yake, na watoto wawili wakubwa. Mukamugema alimwona pia. Alimnong'oneza mumewe, wakatoka kwenye mstari, wakaenda mwisho wa ule wa Laurent, uliokuwa mrefu mara mbili. Walisimama humo karibu saa mbili, maji yakiwatiririka.

Walipofika mezani, Micheline aliwasikia, kwa kuwa meza zilikuwa karibu.

"Watoto wangapi?" Laurent aliuliza, na mara akajua ni nani, kalamu ikabaki juu ya karatasi.

"Andika watatu," Mukamugema alisema. "Wawili wako hapa."

Laurent aliandika.

Walipewa nafasi karibu na barabara, na Micheline alipita hapo kila asubuhi akienda mezani. Mwezi wa Desemba Habarurema alianza kumsalimia, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa jina. Mukamugema aliendelea kuosha vyombo vyake.